Nani Atakisemea Kitabu Chako?

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, kupitia East African Literature Bureau. Riwaya hiyo ilisema waziwazi mambo ambayo watu wazima wengi wa wakati ule hawakutaka yasemwe mbele ya wanafunzi, na ikapigwa marufuku shuleni. Walioilaani walitaka isisomwe. Ikasomwa. Ikabishaniwa, ikaandikiwa makala na tasnifu, na baadaye ikarudi kufundishwa madarasani. Kezilahabi alipofariki Januari 2020 alikuwa miongoni mwa waandishi wanaotajwa mwanzo kabisa popote riwaya ya Kiswahili inapozungumzwa.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu waandishi wengi wanaoleta vitabu kwenye dawati la gazeti huja na ombi lilelile: “Niandikie vizuri, ndugu yangu.” Wanaamini kwamba sifa ndizo zinazouza na kwamba neno kali litawaharibia. Naielewa hofu yao. Mtu ametumia akiba yake kuchapa kitabu, nakala zimejaa chini ya kitanda, na sasa anamkabidhi mgeni mamlaka ya kusema kama kazi hiyo ina thamani. Hata hivyo, yanayojulikana kuhusu tahakiki na mauzo hayaungi mkono hofu hiyo.

Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani, Jonah Berger, Alan Sorensen na Scott Rasmussen, walichapisha utafiti uliolinganisha tahakiki za riwaya katika gazeti la New York Times na mauzo ya riwaya hizohizo. Uhakiki mzuri ulimwongezea mauzo kila mwandishi, jambo ambalo yeyote angelitarajia. Uhakiki mbaya uliwashushia mauzo waandishi wenye majina makubwa kwa takriban asilimia 15. Kwa waandishi wasiojulikana, uhakiki mbaya ulipandisha mauzo kwa takriban asilimia 45. Sababu waliyoitoa inaeleweka na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya rafu ya vitabu: baada ya muda msomaji husahau kama kitabu kilisifiwa au kilipondwa, akabaki anakumbuka tu kwamba jina lile amewahi kulisikia.

Mwandishi wa Kiswahili anayetoa kitabu cha kwanza yumo katika kundi hilo la wasiojulikana. Hakuna mhakiki mkali anayeweza kumdhuru kama anavyodhuriwa na ukimya. Tulifundishwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini kitabu hata kikiwa kizuri namna gani uzuri wake umo ndani, na anayepita njiani anaona jalada tu. Lazima apatikane mtu wa kukisemea, tena mtu ambaye maneno yake yanaaminiwa na wale wanaoweza kukinunua. Mtu huyo yuko wapi?

Kabla ya kumtafuta, kuna sharti moja ambalo waandishi wengi hulipuuza. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakuna uhakiki mkubwa kuliko huo duniani. Redio zilimtaja, magazeti yakaweka picha yake ukurasa wa mbele, vijana wakaulizana vitabu vyake vinapatikana wapi. Jibu kwa wengi lilikuwa kwamba havipatikani, au vinapatikana kwa Kiingereza na kwa bei ya kigeni. Riwaya yake Paradise ilikuwa na umri wa miaka 27 wakati huo. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ilikuwa kazi nzuri na ya heshima, lakini hamu ya siku ile ya Oktoba haikusubiri.

Hapo ndipo mahali pa kuanzia. Uhakiki huamsha hamu ya siku moja, pengine wiki moja, na kama hamu hiyo haikuti kitabu dukani inakwenda zake. Kwa hiyo mwandishi ajue kwanza nakala zake zitakuwa wapi, ndipo atafute wa kumsemea. Anayesikika kwenye redio ya Mbeya awe ameacha nakala Mbeya, hata kama duka lenyewe ni lile la daftari na kalamu lililo karibu na stendi.

Mwalimu wa Kiswahili

Ningekuwa na nakala kumi tu za kugawa bure, saba ningewapa walimu.

Tukubali hali ilivyo: soko kubwa la kitabu cha Kiswahili, Tanzania na Kenya, ni shule. Kitabu kikiteuliwa kufundishwa, maisha yake hubadilika kabisa. Waliosoma sekondari Tanzania wanavijua Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu cha Abdallah Safari hata kama hawajawahi kuingia duka la vitabu kwa hiari yao. Kenya kizazi kizima kilikua na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, kisha Kidagaa Kimemwozea, kisha Chozi la Heri cha Assumpta Matei, na baadaye Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Uteuzi huo hufanywa na mamlaka za elimu, na mwandishi hana uwezo wa kuuharakisha. Sisemi mtu aandike akiulenga. Nasema kwamba chini ya uteuzi huo kuna mazungumzo ya kila siku ya walimu, na mazungumzo hayo hayahitaji kibali cha mtu yeyote.

Mwalimu wa Kiswahili anasoma akiwa na haja. Anatafuta hadithi ya kuwasomea kidato cha pili alasiri, shairi la kuonyesha urari wa vina, tamthilia ya siku ya wazazi. Akikipenda kitabu, anakitaja ofisini wakati wa chai. Anakitaja katika kundi la WhatsApp ambalo lina walimu wa somo lake kutoka wilaya nzima. Anamshawishi mwalimu wa maktaba aagize nakala tano. Huo ni uhakiki, ingawa hauna kichwa cha habari wala jina la mhakiki, na unauza kwa sababu msikilizaji anajua kwamba msemaji hakulipwa.

Kumfikia mwalimu ni rahisi kuliko kumfikia mhariri, lakini kuna adabu yake. Apewe kitabu mapema, si juma la mitihani. Aelezwe kwa ukweli kinamfaa msomaji wa umri gani, na kama kina sura yenye mapenzi ya wazi au ukatili aambiwe, asije akaaibika mbele ya darasa. Aombwe maoni yake kwa maandishi, sentensi nne au tano, na ruhusa ya kuyanukuu pamoja na jina la shule yake. Maneno ya mwalimu wa Songea au Kitui nyuma ya jalada humgusa mzazi anayenunua kitabu kuliko maneno ya waziri. Asiombwe kamwe kuwalazimisha wanafunzi kununua. Mwandishi anayefanya hivyo hupata mauzo ya muhula mmoja na chuki ya miaka mingi.

Kuna jambo linaloniuma katika habari hii ya shule nami sitalificha. Aina ya uhakiki inayouzwa kwa wingi kuliko zote katika lugha yetu ni mwongozo: kile kijitabu chembamba kinachoorodhesha dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za semi. Kimewafundisha wanafunzi wengi kufaulu mtihani wa riwaya bila kuifungua riwaya. Mwandishi akipata mwongozo wa kitabu chake hufurahi, na ana haki, maana ni dalili kwamba amefika. Lakini mwongozo hauwezi kufanya kazi ambayo uhakiki wa kweli hufanya, yaani kumfanya mtu atake kusoma.

Redio, kisha simu

Wasikilizaji wa Kiswahili ni wengi kuliko wasomaji wake, na imekuwa hivyo tangu zamani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ile ya Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963, na Redio Tanzania Dar es Salaam iliwalea watu kwa michezo ya kuigiza iliyosikilizwa na familia nzima. Leo karibu kila mkoa una redio yake, na watangazaji wa vipindi vya asubuhi na vya wikiendi wanatafuta wageni bila kukoma. Mwandishi wa vitabu mara nyingi hajui kwamba anatafutwa.

Kosa linalofanyika redioni ni mwandishi kuzungumza kuhusu maisha yake nusu saa nzima: alizaliwa wapi, alianza lini kuandika, changamoto ni zipi. Msikilizaji anamaliza kipindi akimjua mwandishi na asikijue kitabu. Mtangazaji naye hana lawama, kwa kuwa alikabidhiwa nakala dakika kumi kabla ya kuingia studio. Anayetaka kusikika vizuri amletee mtangazaji nakala wiki mbili kabla, akiwa ameweka alama kwenye kurasa mbili au tatu zinazosomeka kwa sauti, zenye mazungumzo na tukio, zinazokatika mahali ambapo msikilizaji atauliza, “Halafu ikawaje?” Mtangazaji mwenyewe azisome. Sauti ambayo watu wameizoea kila asubuhi, ikisoma ukurasa kwa hisia na kisha kusema “mimi hiki nimekipenda” au hata “mimi mwisho wake umeniudhi”, ni uhakiki ambao fedha hazinunui. Kisha litajwe duka, itajwe bei, itajwe namba ya kulipia kwa M-Pesa, na mnunuzi wa wilayani aambiwe kwamba kifurushi kitamfikia kwa basi. Yatajwe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza msikilizaji alikuwa akitafuta kalamu.

Kutoka redioni mazungumzo huhamia kwenye simu. Tasnia ya hadithi za kusisimua ya Kiswahili ilikuzwa na magazeti na vitabu vya bei nafuu enzi za Elvis Musiba, Hammie Rajab na Ben Mtobwa, na wasomaji walipashana habari mkono kwa mkono. Leo kazi hiyo inafanywa na makundi ya WhatsApp, kurasa za Instagram na Facebook, na watu wanaorekodi maoni yao kwa video. Mwandishi asiyajaze makundi hayo matangazo ya kitabu chake. Watu hukerwa na kumtoa. Atafute makundi ambayo tayari yanasoma, ajiunge kama msomaji, achangie kuhusu vitabu vya wenzake, na baada ya muda aombe watu watatu au wanne wasome kazi yake na kuandika wanachofikiri, kizuri na kibaya. Dar es Salaam pana Soma Book Café kule Mikocheni, ambako wasomaji na waandishi hukutana ana kwa ana. Nairobi pana maduka kama Nuria, ambalo limejijengea jina kwa kuuza vitabu vya waandishi wanaojichapishia wenyewe. Mahali pa namna hii mhakiki na mnunuzi wanaweza kuwa mtu mmoja, na kitabu kiko pale pale mezani.

Muuza vitabu naye asisahauliwe. Mteja anapouliza “una riwaya gani nzuri?”, jibu la muuzaji ni uhakiki wa maneno matatu, na hufuatwa na mauzo papo hapo. Wauzaji wachache wanapewa nakala ya kusoma. Wengi hupewa nakala za kuuza tu, na mtu hawezi kukisifu kitabu asichokisoma.

Kuhusu Goodreads, mtandao ulioanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, nasema kwa ufupi. Vitabu vingi vya Kiswahili havina humo hata neno moja la msomaji. Inafaa mwandishi ahakikishe kitabu chake kimeorodheshwa sawasawa, kwa ajili ya Waswahili walio ughaibuni na wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya nje wanaotafuta huko. Wasomaji wake wakimwandikia, ahimize maneno kuliko nyota. Judith Chevalier na Dina Mayzlin walionyesha mwaka 2006, kwa kulinganisha maduka ya mtandaoni ya Amazon na Barnes & Noble, kwamba tathmini ya nyota moja hupunguza mauzo kuliko tathmini ya nyota tano inavyoyaongeza. Waliona pia kwamba wanunuzi husoma maelezo yenyewe na hawaishii kwenye wastani wa nyota. Aya moja ya msomaji aliyeeleza kwa nini alikesha nacho ina uzito kuliko nyota hamsini zisizo na neno.

Wasomi na tuzo

Majarida ya kitaaluma yana kazi yake, na kazi hiyo si ya haraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha. Swahili Forum la Ujerumani linasomwa bure mtandaoni. Uhakiki ndani yake unaweza kutoka mwaka mmoja au miwili baada ya kitabu, na hautamletea mwandishi mnunuzi wa Jumamosi. Unachomletea ni umri mrefu. Mhadhiri anayekiandika kitabu leo ndiye atakayekifundisha mwaka kesho, na mwanafunzi wake ndiye atakayeandika tasnifu juu yake na kwenda kukifundisha Kigoma. Ndiyo maana inalipa kuhudhuria makongamano ya vyama na mabaraza ya Kiswahili kama CHAKAMA, CHAUKIDU au BAKIZA ukiwa na nakala kwenye begi. Wapo pale watu ambao taaluma yao ni kusoma Kiswahili, na wana muda wa chai.

Tuzo ni uhakiki wa namna nyingine, wa jopo zima. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imewatoa gizani waandishi ambao nje ya miji yao hawakujulikana, na imewahi kugawa jumla ya dola 15,000 kwa washindi wa awamu moja. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974, yenye kipengele cha Kiswahili. Anayeshinda aombe maneno ya majaji kwa maandishi na kuyaweka juu ya jalada, maana ni watu waliosoma miswada mingi na kuuchagua wake. Ajiandae pia kwa kitu ambacho Balázs Kovács na Amanda Sharkey walikigundua mwaka 2014: vitabu vikishinda tuzo kubwa, alama vinazopewa na wasomaji mtandaoni huelekea kushuka. Tuzo huvuta watu wengi, wakiwamo ambao kitabu cha aina ile hakikuwa chao tangu mwanzo. Mwandishi aliyelijua hilo hatakosa usingizi kwa maoni makali ya mwezi wa kwanza.

Sifa za kununua

Mwaka 2010 Todd Rutherford, aliyekuwa akiishi Oklahoma, alianzisha biashara ya kuwauzia waandishi tahakiki. Moja ilikuwa dola 99, ishirini dola 499, hamsini dola 999. Wateja walifurika, na kwa mwezi mzuri alikuwa akiingiza hadi dola 28,000. Mmoja wa wateja wake alikuwa John Locke, aliyesifika kwa kuuza zaidi ya nakala milioni za vitabu vya kielektroniki alivyojichapishia. Alinunua tahakiki takriban 300. New York Times lilipoyaanika mambo hayo mwaka 2012, heshima iliyojengwa na mauzo yale iliyeyuka kwa wengi, na waandishi waaminifu wakajikuta nao wakitiliwa shaka. Mwaka 2015 Amazon iliwashitaki zaidi ya watu 1,000 waliokuwa wakiuza tahakiki bandia, na Oktoba 2024 sheria ya Marekani ya kupiga marufuku maoni bandia ya wateja ilianza kutumika.

Kwetu jambo hili lina sura ya bahasha. Mwandishi anamwita mwandishi wa habari, anampa “nauli”, na kesho yake gazeti linasema kitabu ni cha kipekee. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu linawaumiza waandishi kuliko wanavyodhani. Wasomaji wetu si wengi, wanajuana, na wana kumbukumbu. Aliyenunua kitabu kimoja kwa sababu ya uhakiki wa bahasha akakikuta kibovu, haamini tena uhakiki wa gazeti lile, hata wa kitabu kizuri kilichoandikwa na mtu mwingine.

Wapo pia watoa huduma halali wa nje wanaolipwa. Kirkus, iliyoanzishwa na Virginia Kirkus mwaka 1933, ina kitengo cha waandishi wanaojitegemea ambako mtu hulipa zaidi ya dola 400 na kupata uhakiki usio na ahadi ya sifa. Akiona haukumpendeza anaweza kuukataa usichapishwe. Kwa mwandishi wa Kimarekani anayetaka kuwafikia wakutubi wa kule, hesabu hiyo huenda ikalipa. Mwandishi wa Kiswahili anauza Morogoro, Mombasa na Unguja, ambako hakuna mnunuzi anayesubiri kauli ya Kirkus. Zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania akizigeuza nakala za kuwapa walimu, watangazaji na maktaba za mikoa, zitamrudia.

Kuhusu waandishi kuhakikiana wenyewe kwa wenyewe, sioni ubaya. Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, UWARIDI, umeonyesha kwamba watunzi wakishikana wanaweza kusukuma kazi zao pamoja. Sharti ni uwazi. Anayemwandikia rafiki yake aseme kwamba ni rafiki yake, na ataje walau jambo moja ambalo halikumridhisha. Msomaji humwamini haraka anayekosoa kidogo.

Ukurasa wa magazeti yetu

Nimeyaacha magazeti mwisho kwa sababu ndiyo yenye deni kubwa. Taifa Leo la Nairobi limeendelea kuzipa nafasi lugha na fasihi, ingawa kwa kiasi kikubwa kwa kuwafuata wanafunzi wa vitabu teule. Upande wa Tanzania, kitabu kikitoka, kinachopata nafasi gazetini ni uzinduzi. Tunamwona mgeni rasmi akikata utepe, tunasoma hotuba yake kuhusu umuhimu wa kusoma, tunaambiwa ni nani aliyechangia kiasi gani katika harambee. Aya ya mwisho inataja jina la kitabu, na wakati mwingine inalikosea. Habari nzima imeandikwa na hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza.

Waandishi nao wamechangia. Fedha zinazotumika kwa ukumbi, viti na vinywaji vya siku moja zingetosha kutuma nakala za mapema kwa wahakiki wote niliowataja. Nje, wachapishaji hutuma nakala za uhakiki miezi mitatu au minne kabla ya tarehe ya kutoka, ili tahakiki na kitabu vikutane sokoni. Sisi tunazindua kwanza, kisha tunaanza kutafuta wa kusoma. Anayetaka gazeti limwandikie apeleke nakala miezi miwili kabla, iandikwe jina la mhariri wa makala na si “Mhariri” tu, na ndani aweke karatasi moja: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, ISBN, bei, na mahali kinapouzwa. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania na Huduma ya Taifa ya Maktaba kwa Kenya. Barua yenyewe isijae sifa. Mistari mitano ya kueleza hadithi inahusu nani na imetukia wapi inamtosha mhariri kuamua ampe nani asome. Wiki tatu zikipita kimya, simu moja ya heshima haimkeri mtu.

Kwa wahariri wenzangu ombi langu ni maneno 500 kila Jumapili. Kitabu kimoja cha Kiswahili, kilichosomwa chote na mtu mmoja mwenye jina lake chini, anayelipwa na gazeti na asiyelipwa na mwandishi. Aeleze kitabu kinasimulia nini bila kufichua mwisho, aseme kilipomshika na kilipomchosha, ataje msomaji gani kitamfaa. Vitabu vya ushairi vipate zamu sawa na riwaya, na vya watoto visisahauliwe, kwa sababu mzazi anayetafuta cha kumnunulia mwanawe hana pa kuuliza. Picha ya jalada iwe kubwa kuliko picha ya mgeni rasmi. Na mstari wa mwisho wa kila uhakiki uwe na bei, jina la duka, na namba ya simu ambayo mtu wa Sumbawanga akipiga itapokelewa.